Mwanafunzi akiitwa shoga shuleni: hatua za mzazi, mwalimu na bodi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shule za Kenya, hasa sekondari za bweni, mahali ambapo anayeonewa hula, hulala na kuoga pamoja na wanaomwonea muhula mzima. Unamhusu mvulana anayeitwa shoga kwa sababu ana sauti nyembamba au hapendi mpira. Unamhusu msichana anayeitwa msagaji kwa sababu ana rafiki mmoja wasioachana. Unamhusu pia kijana ambaye kweli anajijua kwamba anapenda wa jinsia yake na hajamwambia mtu. Wote watatu wanahitaji ulinzi ule ule, kwa hiyo hakuna hatua hata moja hapa chini inayomtaka mtu athibitishe kwanza mtoto ni wa aina gani.

Usianze na "Je, ni kweli?"

Kesi nyingi za namna hii huharibika katika dakika tano za mwanzo. Mtoto anakuja kueleza kwamba amemwagiwa maji kitandani na kutukanwa mbele ya bweni zima. Mwalimu wa zamu anamtazama, kisha anamwuliza: "Lakini wanayosema ni kweli?" Papo hapo mlalamikaji amegeuka mshtakiwa. Akikana, ataonekana mwongo. Akinyamaza, kimya chake kitahesabiwa kuwa jibu. Akikubali, siri ambayo hakuwa tayari kuitoa itakuwa imefika chumba cha walimu kabla ya chai ya saa nne. Na waliomwaga maji wameshasahaulika.

Uliza alichotendewa, nani alitenda, wapi na lini. Basi.

Sheria yenyewe haimtaki mwalimu aulize zaidi ya hapo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, vinahusu matendo ya kimwili ya kingono. Havimfanyi mtu mkosaji kwa kubandikwa jina, kwa mwendo wake, au kwa kuwa na rafiki wa karibu. Kumtesa mwanafunzi, kwa upande wake, kumekatazwa waziwazi. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila aina, bila kubagua watoto. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kufanyiwa ukatili au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Utasikia pia mtu akisema kwamba "wizara ilishakataza watoto hawa kukaa bweni." Chanzo ni kauli ya Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, mwishoni mwa 2021, aliposema hadharani kwamba wanafunzi wanaopenda jinsia yao waende shule za kutwa karibu na kwao. Ilikuwa kauli ya mkutanoni na haikugeuzwa kuwa sheria. Mwalimu mkuu anayemwondoa mtoto bwenini kwa kuitegemea hana kitu cha kumkinga akiulizwa.

Dalili za bwenini

Mtoto wa bweni hana mtu wa kumwona akirudi nyumbani ametahayari, kwa hiyo dalili zinatafutwa kwingine. Anaoga saa tisa usiku, au haogi kabisa wenzake wakiwa bafuni. Anazuia mkojo mpaka anaugua, kwa kuogopa kwenda chooni peke yake. Anafika zahanati ya shule kila wiki na kichwa au tumbo lisiloeleweka, mara nyingi muda mfupi kabla ya prepu au kabla ya kuzima taa. Shuka, ndoo na sare zake hupotea mara kwa mara. Pesa za matumizi zinaisha wiki ya kwanza, na hii ni dalili inayopuuzwa sana: kuna wanafunzi wanaotoza mwenzao "ushuru" ili wasimtangaze. Anaomba kuhamishwa na hasemi kwa nini. Au ameanza kukaza sauti na kubadili mwendo, kama mtu anayejichunga saa zote.

Matroni na muuguzi huziona dalili hizi kabla ya mwalimu wa darasa. Bodi inayotaka kuujua ukweli wa shule yake ianze kwa kuwauliza hao wawili.

Kuzungumza na mtoto

Chagua mahali ambapo hamtaonekana mkiongea. Ofisi ya naibu mwalimu mkuu haifai, maana kila anayeingia humo anasadikiwa kuwa ama mkosaji ama mchongezi. Kwa mzazi, matembezi mkiwa bega kwa bega, au safari ya gari, yanafaa kuliko kumkalisha kitini na kumkodolea macho.

Anza na mambo unayoyajua: "Nimeona godoro lako limelowa mara mbili wiki hii. Nani analimwagia maji?" Swali la "una tatizo gani?" huzaa jibu la "hakuna." Akianza kusimulia, mwache amalize. Kisha uliza haya, kwa utaratibu wowote utakaokuja: Ilianza lini? Nani, na wangapi? Hutokea wapi na saa ngapi? Nani mwingine aliona? Wamekushika au kukugusa mahali popote? Kuna picha au ujumbe kwenye simu? Ni nani shuleni unayemwamini? Na la mwisho, ambalo walimu husahau: nyumbani kuna mtu usiyetaka ajue, na kwa nini?

Swali hilo la mwisho linaokoa watoto. Mwalimu mwenye nia njema anampigia baba simu na kusema "mwanao anaitwa shoga hapa shuleni," na mtoto aliyekuwa akipigwa bwenini sasa anapigwa nyumbani, au anakuta mlango umefungwa likizo ikifika. Mzazi ana haki ya kujua kwamba mwanawe ametukanwa na kupigwa, na ni lazima aambiwe. Maudhui ya tusi si lazima yasomwe kwa simu. Inatosha kusema: "Kuna kundi linalomtesa mwanao bwenini, tumewatenga, njoo tuzungumze."

Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu hutaweza kutimiza. Mwambie ukweli: "Nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kusimamisha jambo hili, na nitakutajia ni nani kabla sijawaambia." Kisha mtajie.

Yapo maneno ya kuacha kabisa. "Wapuuze tu." "Wewe nawe jaribu kutembea kama mwanamume." "Ungekuwa unacheza mpira wasingekusema." Kila moja linamwambia mtoto kwamba kosa ni lake.

Kumbukumbu za maandishi

Malalamiko ya mdomo hufa mwalimu anapohamishwa. Nunua daftari dogo, au tumia karatasi moja iliyopigwa mistari, na kwa kila tukio andika: tarehe, saa, mahali, aliyetenda, alichofanya au maneno yenyewe alivyoyatamka, mashahidi, madhara, aliyeambiwa na alijibu nini. Mfano:

"Jumanne 10 Februari, saa nne usiku, bweni la pili. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne walimwaga ndoo ya maji kitandani, mmoja akasema 'shoga halali na wanaume.' Wenzake wanne waliona. Godoro liliharibika. Alimwambia kiranja wa bweni, akaambiwa avumilie."

Daftari likae kwa mzazi au kwa mwalimu anayeaminika, kamwe lisikae kwenye sanduku la mtoto bwenini. Likipatikana huko litasomwa kwa sauti. Jeraha lipigwe picha siku hiyo hiyo, mara moja kwa karibu na mara moja kwa mbali kidogo ili mkono au mguu utambulike. Nguo iliyochanwa ihifadhiwe bila kufuliwa.

Barua kwa shule

Iwe fupi, ukurasa mmoja. Peleka nakala mbili, na ile ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa, pamoja na tarehe. Barua hupita mikononi mwa karani na kuishia kwenye faili linaloonekana na wengi, kwa hiyo kichwa chake kiwe "Malalamiko kuhusu ukatili dhidi ya mwanafunzi," na matusi yenyewe yaandikwe kwenye karatasi ya pili ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mzazi wa (jina), (kidato au gredi). Tangu tarehe 3 Februari mtoto wangu amepigwa, ametukanwa na vitu vyake vimeharibiwa bwenini. Nimeambatisha maelezo ya matukio manne. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kutendewa hivyo. Naomba: (1) waliotajwa watenganishwe na mtoto wangu leo; (2) ateuliwe mwalimu mmoja wa kumfuatilia; (3) nielezwe kwa maandishi hatua zilizochukuliwa, kabla ya siku saba kuisha; (4) habari hizi zisisambazwe kwa wasiohusika."

Usiandike "mwanangu si shoga." Sentensi hiyo huwajia wazazi upesi kwa sababu wanataka kumtetea mtoto, lakini inaifungulia shule mlango wa kuchunguza kitu hicho hicho. Vilevile inamwambia mtoto, kama kweli yuko hivyo, kwamba unamlinda kwa sharti.

Siku saba zikipita bila jibu, andika kwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi, na nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuendewa wakati wowote, bila kungoja ngazi hizo. Ikiwa anayetukana au kuchochea ni mwalimu, malalamiko yaende pia kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kupitia ofisi yake ya kaunti. Mwalimu wa shule ya binafsi naye anatakiwa kuwa amesajiliwa na tume hiyo, kwa hiyo haepuki. Ofisi ya umma inayokaa kimya inaweza kushtakiwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman.

Mahali penye kipigo au vitisho vya kuua, hakuna kusubiri siku saba. Nenda kituo cha polisi siku hiyo, uombe dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Kwa mwalimu: sekunde ishirini za darasani

Tusi likirushwa darasani, darasa zima linamtazama mwalimu ili lijue kipimo. Mwalimu akicheka au akijifanya hakusikia, ameshatoa ruhusa. Akihubiri dakika kumi, amemfanya aliyetukanwa atazamwe na watu arobaini kwa dakika kumi. Kinachofaa ni kifupi: "Hilo ni tusi, na hapa hatutukanani. Tutaonana mimi nawe saa kumi." Kisha rudi kwenye somo, na saa kumi muonane kweli. Ahadi ya saa kumi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kunyamaza.

Fanya hivyo hata kama tusi halikumlenga mtu, kama vile "hiyo viatu ni ya mashoga." Mtoto aliyekaa nyuma, ambaye hujui habari zake, anahesabu ni mara ngapi umeliacha lipite.

Utajibiwa: "Lakini mwalimu, dini inakataza." Usiingie kwenye mjadala wa dini, hutaumaliza na si wa kwako kuumaliza. Sema: "Imani yako ni yako na hakuna anayekunyang'anya. Mimi nawe tunazungumza habari ya mkono uliompiga mwenzako." Katika shule zilizofadhiliwa na makanisa au misikiti, padri, kasisi au imamu anayekubali kusema kwa kinywa chake kwamba kumpiga na kumtukana mtu ni dhambi ana uzito mkubwa kuliko waraka wa wizara. Mwendee mapema, kabla ya kisa kutokea.

Kuwashughulikia waliotenda

Waite mmoja mmoja, kwa saa ile ile na katika vyumba tofauti, kila mmoja na mwalimu wake, ili wasipatane maelezo. Usimtaje aliyesema. "Nimepata habari kutoka kwa watu kadhaa" inatosha, na hakikisha ni kweli kwa kuzungumza kwanza na wanafunzi watano au sita wa bweni hilo, pamoja na wasiohusika.

Mwanasaikolojia Dan Olweus, ambaye mpango wake wa kuzuia uonevu shuleni ulianzia katika kampeni ya Norway ya mwaka 1983, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na upande mmoja kuwa na nguvu zaidi. Yakumbuke mtu anapokuambia "tulikuwa tunataniana." Utani una zamu, leo mimi kesho wewe. Hata hivyo, kwa tusi la aina hii usingoje lirudiwe. Mtu mmoja akilitamka mara moja wakati wa chakula cha jioni, hadi asubuhi limekwisha kurudiwa na shule nzima.

Adhabu iwe na uhusiano na kosa. Aliyeharibu godoro alipe godoro. Aliyetumia ukubwa wake bwenini ahamishwe bweni na apokonywe cheo kama ni kiranja. Wazazi wake waitwe na waambiwe matendo, tena kwa maandishi. Viboko vimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na pasipo hata sheria, vinaleta balaa: anayechapwa jioni kwa sababu ya fulani hulipiza usiku kwa fulani huyo huyo.

Usiwakalishe meza moja mtesaji na mteswa "wapatanishwe." Upatanishi ni wa watu wenye nguvu sawa waliogombana. Hapa mmoja ataomba radhi kwa mdomo huku akimtishia kwa macho, na mwingine atakubali kwa hofu. Kupeana mikono mbele ya gwaride ni kubaya zaidi, kwani hata waliokuwa hawajui sasa wanajua.

Na anayehamishwa awe mtesaji. Ukimhamisha aliyeonewa, bweni jipya litauliza kwa nini amekuja, na jibu litafika kabla ya sanduku lake.

Bweni lenyewe

Tuhuma nyingi huzaliwa na msongamano. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupita isiyopungua mita 2. Bweni lililojazwa mara mbili ya uwezo wake linawalaza watoto wawili kitanda kimoja, kwa kukosa nafasi au kwa baridi ya Julai, kisha asubuhi wanaitwa ofisini kueleza kwa nini walilala pamoja. Bodi ipime vitanda kabla ya kupima tabia.

Wape wanafunzi wachache wa kila kidato ramani ya shule iliyochorwa kwa mkono, bila majina, na uwaombe watie alama mahali wanapoogopa na saa zake. Alama zitaangukia sehemu chache tu: bafu alfajiri, nyuma ya vyoo, njia ya kutoka prepu hadi bwenini, na bweni lenyewe katika nusu saa baada ya taa kuzimwa. Weka mtu mzima mahali hapo kwa saa hizo. Mwalimu mmoja anayetembea bila ratiba inayojulikana anazuia mengi kuliko watatu wanaopita saa ile ile kila usiku. Milango ya bafu yenye komeo inagharimu kidogo sana ukilinganisha na inachoondoa.

Viranja ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Katika shule nyingi hao ndio wanaomiliki usiku, na mara nyingi wamo miongoni mwa watesaji. Pasiwe na kiranja aliyepewa kazi ya "kuwachunguza" wenzake, wala karatasi za siri za kutaja "washukiwa." Orodha ya namna hiyo hujaa majina ya maadui, waliokataa kukopesha pesa, na watoto wapole. Ikishaandikwa haifutiki.

Wanaotazama ndio wengi, na ndio tumaini kubwa la shule. Utafiti uliofanywa katika viwanja vya shule za Toronto, Kanada, na kuchapishwa 2001, ulionyesha kwamba wanafunzi walipoingilia kati kumtetea mwenzao, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Wafundishe jambo dogo wanaloliweza: kumwita anayeonewa aondoke nao ("twende, unaitwa"), kukataa kucheka, kukaa naye mezani siku inayofuata, na kumwambia mtu mzima mmoja. Usiwatume kupigana.

Simu na mitandao

Likizo haimalizi uonevu, huuhamishia WhatsApp na TikTok. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari ya simu au jina kamili la akaunti, tarehe na saa, pamoja na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Kipande kimoja kilichokatwa hukataliwa kirahisi. Kisha ripoti akaunti kwa mtandao wenyewe. Fuata utaratibu huo, maana ukiripoti kwanza ushahidi unaweza kufutwa.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inautambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa. Onyo moja: kama kuna picha ya uchi ya aliye chini ya miaka 18, hata iwe yake mwenyewe, usiitume kwa mtu, hata kwa mwalimu au wakili, wala usiinakili. Kuwa nayo na kuisambaza ni kosa lenyewe. Peleka simu yenyewe polisi.

Kama ameshambuliwa kingono

Wapo wanaombaka msichana "kumnyoosha," na wapo wanaomnajisi mvulana kwa kusema ndicho anachotaka. Saa zinahesabiwa hapa. Mfikishe hospitali ya serikali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili aanzishiwe dawa za kuzuia VVU, ambazo humezwa kwa siku 28. Asioge na asibadilishe nguo kabla ya kupimwa. Kama amebadilisha, nguo zitiwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huzifanya ziote ukungu na kuharibu ushahidi. Omba fomu ya huduma baada ya ubakaji ijazwe hospitalini, na polisi uombe fomu ya P3, ambayo daktari huandika humo majeraha kwa ajili ya kesi. Matibabu yanaweza kuanza kabla ya polisi, usikubali kurudishwa "ukalete P3 kwanza."

Tofauti na hilo, hakuna shule iliyo na mamlaka ya kumpeleka mtoto akapimwe "kama ni shoga." Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ilitamka tarehe 22 Machi 2018 kwamba kumlazimisha mtu kupimwa njia ya haja kubwa ili kuthibitisha ushoga kunakiuka katiba, na ile ilikuwa kesi ya watu wazima waliokwisha kukamatwa. Shule ikipendekeza, mzazi akatae na adai pendekezo hilo liandikwe.

Shule ikimfukuza aliyeonewa

Hutokea, na huja kwa sauti ya upole: "Kwa usalama wake, mchukue akae nyumbani kwanza." Usikubali kwa mdomo. Omba barua yenye tarehe, sababu na siku ya kurudi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinazuia mwanafunzi kufukuzwa, isipokuwa kwa kanuni maalumu, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindwa, na baada ya mtoto na mzazi kusikilizwa. Kuitwa shoga hakumo miongoni mwa makosa.

Siku ya kusikilizwa usiende peke yako. Nenda na ndugu mtulivu au afisa wa watoto, mmoja aandike kila linalosemwa. Mtoto akiulizwa kuhusu mapenzi yake, mzazi aingilie: "Tumekuja kujibu kosa lililoandikwa kwenye barua. Ni lipi?" Rudia hivyo hivyo kila swali linaporudi.

Kuhama shule wakati mwingine ndiyo njia iliyobaki, na hakuna aibu. Fanya hivyo mwisho wa muhula inapowezekana, na kabla ya kuondoka hakikisha shule imemwachilia mtoto kwenye mfumo wa wizara wa taarifa za wanafunzi, na kwamba barua ya kuhama haina maneno kama "utovu wa maadili." Ikiwa nayo, ikatae hapo hapo. Akiwa kidato cha mtihani wa kitaifa, uliza kwanza kama usajili umefungwa.

Nyumbani

Wewe mzazi unaweza kuwa unajiuliza ndani kwa ndani kama wanayosema ni kweli. Lihifadhi swali hilo. Mtoto akitaka kukuambia, atapima kwanza kwa kuangalia unavyozungumza juu ya wengine, juu ya jirani, juu ya mtu kwenye televisheni. Akikuambia, jibu la siku hiyo ni moja: "Wewe ni mwanangu, na hapa ni kwenu." Mengine yana wakati wake. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo anayekuuzia tiba anakuuzia kitu kisichokuwepo. Kumlazimisha kufunga kula, kumpeleka kuombewa kwa nguvu, kumtuma kijijini au kumtishia kumwoza ni ukatili, na aghalabu hukatisha mazungumzo kwa miaka mingi.

Jihadhari na dalili za kukata tamaa: kugawa vitu vyake, kuaga, kusema "mtapumzika nikiondoka," kuacha kula, utulivu wa ghafla baada ya wiki za majonzi. Muulize waziwazi: "Umewaza kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa ruhusa ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake usiku huo. Ondoa dawa za mifugo, za kunyunyizia mimea na vidonge vyote, kisha mpeleke hospitali. Usiogope kueleza ukweli hapo: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, usiku na mchana, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe bila kutaja jina. Nambari hiyo hiyo inatumika Tanzania na Uganda.

Kufuatilia

Watesaji hutulia wiki mbili, kisha huanza upya kwa siri zaidi. Mwalimu aliyeteuliwa amwone mtoto kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki moja, wiki mbili, wiki sita, na wiki ya kwanza ya muhula unaofuata. Dakika tano zinatosha, kila mara mahali tofauti, na kwa maswali yenye majibu yanayoonekana: Umelala wapi jana? Umekula na nani? Umeoga saa ngapi? Mtoto anayejibu kwamba ameoga asubuhi pamoja na wengine ameanza kurudi katika hali yake. Anayejibu saa tisa usiku bado anaonewa, hata akisema mambo ni shwari, na daftari lifunguliwe tena siku hiyo.